Wasifukazi na Barua ya Kuomba Kazi kwa Mwanafunzi wa Uzamili wa Lugha, Historia, Dini au Falsafa: Mwongozo Kamili

Mtu aliyetumia miaka miwili au mitatu kuandika tasnifu ya kurasa 150 hufika siku akaketi mbele ya kompyuta ya saiba, tangazo la kazi limefunguliwa upande mmoja na ukurasa mtupu upande wa pili, akajiona hana la kuandika. Mwenzake wa uhasibu ameshajaza ukurasa na kuondoka, naye angali anatafuta namna ya kumweleza mkuu wa rasilimali watu dhana ya kumbukumbu katika masimulizi ya wazee wa Mji wa Kale, Mombasa.

Shida hapa haitokani na uchache wa ujuzi. Chuoni tumezoezwa kueleza mada: tunaulizwa unaandika kuhusu nini, na jibu letu huanza na "tasnifu yangu inachunguza". Mwajiri hahitaji mada hiyo. Anachohitaji ni kazi uliyoifanya hata mada ikakamilika, nayo ni nyingi kuliko unavyodhani: ulipanga, ukaomba vibali, ukahoji watu, ukasoma nyaraka ngumu, ukatafsiri, ukahariri, ukafundisha, ukamaliza. Nimepata mara kadhaa kusoma marundo ya maombi kwa niaba ya shirika dogo la utamaduni hapa Mombasa, na naweza kusema bila kusita kwamba wengi tuliowaweka kando walikuwa na kazi hiyo yote mikononi mwao ila hawakuiandika popote.

Hatua ya kwanza: daftari la kazi zako zote

Kabla ya kugusa wasifukazi, ambao wengi wetu tunauita tu sivii, fungua daftari au faili moja ambayo hutamtumia mtu yeyote. Humo andika kila kazi uliyoifanya tangu shahada ya kwanza, ya malipo na isiyo ya malipo, pamoja na mwezi, mwaka, idadi na matokeo. Usichuje kwa sasa. Masomo ya ziada uliyowafundisha watoto wa mtaa, kipindi cha redio ulichosaidia kuandaa, mihutasari ya mikutano ya chama cha wanafunzi, hotuba uliyoitafsiri kwa ajili ya hafla ya msikiti au kanisa: yote yaingie.

Kisha ivunje tasnifu yako vipande vipande. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kubuni aliyekusanya masimulizi ya wakazi wa Mji wa Kale kwa shahada ya uzamili ya historia. Aliandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya jopo. Alipata kibali cha maadili chuoni na leseni kutoka NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, na yeyote aliyewahi kuifuatilia leseni hiyo anajua kwamba kufuatilia nyaraka za ofisi hadi zikatoka ni ujuzi unaojitegemea. Alitafuta wazee 32 na kuwaomba ridhaa, akarekodi sauti zao, akayaandika mazungumzo neno kwa neno, akatafsiri sehemu zake kwa Kiingereza, akapanga faili zote kwa utaratibu unaomwezesha mtu mwingine kuzipata. Alikuwa na shilingi 85,000 na hakuzivuka. Alirudishiwa rasimu mara nne na msimamizi, na kila mara alirekebisha akairejesha. Hizo ni kazi saba au nane zenye majina yake katika ofisi yoyote, na bado hatujataja hata nadharia moja.

Daftari hili ndilo shina, na kila wasifukazi utakaoutuma ni tawi lililokatwa kutoka hapo kwa kazi moja mahususi.

Hatua ya pili: lisome tangazo kama unavyosoma shairi

Ni ajabu kwamba mtu anayeweza kukaa wiki nzima juu ya beti tatu za Muyaka, mshairi wa kale wa Mombasa, akitafuta neno moja limebeba nini, hulisoma tangazo la kazi kwa dakika mbili huku macho yamekwenda moja kwa moja kwenye mshahara. Tangazo ni matini. Lina msemaji, lina hadhira, na lina maneno yaliyorudiwa kwa sababu. Lichapishe au linakili, kisha lipigie mistari kwa namna tatu: vitenzi vyote vinavyoeleza kazi yenyewe, masharti yaliyotajwa kuwa ni lazima, na yale yaliyoelezwa kuwa ni ya kuongezea.

Masharti ya lazima hayana mjadala. Iwapo bodi ya utumishi wa umma ya kaunti imeandika miaka mitatu ya tajriba nawe una mmoja, barua nzuri haitaziba pengo hilo, kwani wanaochuja maombi ya umma hufuata orodha na hutia alama palipo na ushahidi tu. Palipoandikwa "itakuwa bora zaidi", hapo pana nafasi: omba hata kama huna yote. Neno linalorudiwa mara tatu, kama vile "jamii" au "kumbukumbu" au "ripoti", ndilo neno ambalo wasifukazi wako unapaswa kulijibu katika nusu ya kwanza ya ukurasa.

Halafu jiulize msemaji ni nani. Makavazi ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, yakitafuta msaidizi, hayatafuti kitu kile kile kinachotafutwa na shirika la haki za binadamu, wala na kituo cha redio cha mjini, wala na idara ya mawasiliano bandarini, hata kama matangazo yote manne yametaja "uwezo mzuri wa kuandika". Kwa makavazi uandishi ni maelezo ya kifaa na ya mahali. Kwa shirika ni ripoti inayosomwa na mfadhili. Redioni ni sentensi inayosikika mara moja na kupita.

Hatua ya tatu: wasifukazi wenyewe

Kwa kazi isiyo ya chuo kikuu, kurasa mbili zinatosha. Fonti iwe ya kawaida, ukubwa wa 11 au 12, bila fremu za rangi wala nyota za kupimia ujuzi. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba mtu anaweza kuwa na nyota nne kati ya tano za Kiingereza. Juu kabisa weka jina, simu, baruapepe yenye jina lako halisi, na mji unaoishi. Dini, kabila, hali ya ndoa, idadi ya watoto na nambari ya kitambulisho havihitajiki pale, isipokuwa fomu ya mwajiri imeviuliza waziwazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa misingi ya mambo kama hayo, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkabidhi msomaji habari ambazo hapaswi kuzitumia. Picha nayo iache, ila ikitakiwa.

Baada ya hapo andika sentensi mbili au tatu za kujieleza. "Kijana mwenye bidii, anayejituma na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo" ni maneno ambayo nimeyasoma katika maombi mengi kiasi kwamba jicho linayaruka lenyewe. Andika jambo ambalo mwombaji mwingine hawezi kulinakili: "Mtafiti wa historia ya pwani mwenye tajriba ya kurekodi, kuorodhesha na kutafsiri masimulizi ya Kiswahili, nimefanya kazi na wazee wa Mji wa Kale kwa miezi sita na kuandaa rekodi 32 zilizo tayari kuhifadhiwa."

Elimu ifuate, ya karibuni ikiwa juu. Taja shahada, chuo, mwaka, na mada ya tasnifu kwa mstari mmoja. Ikiwa hujamaliza, andika hivyo na utaje mwezi unaotarajia kuwasilisha. Cheti cha KCSE, cha kumaliza sekondari, kiandike kwa kazi za umma, ambako hudaiwa mara kwa mara. KCPE, ya shule ya msingi, iache ipumzike, maana hata mtihani wenyewe ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Sehemu ya tajriba ndiyo moyo wa karatasi, na hapa ndipo tasnifu inapogeuka kazi. Mwanafunzi wetu wa Mji wa Kale anaweza kuandika hivi: "Tasnifu: Kumbukumbu na Mahali katika Masimulizi ya Wakazi wa Mji wa Kale." Huo ni ukweli, lakini ni ukweli uliolala. Akiomba kazi makavazi, aandike: "Nilirekodi na kuandika neno kwa neno masimulizi ya wazee 32 wa Mji wa Kale, kila rekodi ina tarehe, mahali, ridhaa ya msimulizi na muhtasari." Akiomba katika shirika la kijamii: "Nilisimamia utafiti wa nyanjani wa miezi 6 kwa bajeti ya shilingi 85,000: nilipata leseni ya utafiti, nikaelekeza wasaidizi wawili, nikafanya mahojiano 32, na ripoti ikawasilishwa kabla ya siku iliyowekwa." Akiomba redioni: "Nilifanya mahojiano marefu ya Kiswahili na watu 32 wa umri wa miaka 60 na zaidi, nikayahariri kuwa visa vifupi." Mambo ni yale yale na hakuna hata moja la uongo, kilichobadilika ni upande ambao mwanga umeelekezwa.

Tarakimu zina uzito kwa sababu zinaweza kuulizwa. Anayeandika 32 awe tayari kueleza walipatikana vipi na ni wangapi waliokataa. Usiongeze hata mmoja: mji huu ni mdogo, na anayekuhoji huenda ni mpwa wa mzee uliyedai kumhoji.

Kuna jambo la sarufi ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza haiwezi kutusaidia. Katika Kiingereza mstari wa wasifukazi huanza na kitenzi bila kiwakilishi, nasi tunapoutafsiri tunaishia na "kurekodi", "kusimamia", "kuandaa". Kwa Kiswahili maumbo hayo yanasikika kama orodha ya majukumu uliyopewa, na msomaji hajui kama uliyatimiza. Kitenzi chetu hubeba mtenda na wakati ndani yake: "nilirekodi" ni neno moja, limeshasema nani na lini. Litumie, na ulidumishe kutoka mwanzo hadi mwisho.

Lugha ziwekwe mahali zinapoonekana. Mtu aliyezaliwa Kibokoni au Kisauni mara nyingi huandika "Kiingereza: vizuri sana" na Kiswahili asikitaje kabisa, kana kwamba lugha aliyonyonya si ujuzi. Kwa mwajiri anayehitaji mtu wa kuongea na jamii na papo hapo aandike taarifa rasmi, kukitawala Kimvita, lahaja ya Mombasa, pamoja na Kiswahili sanifu ni sifa ya kutajwa kwa maneno hayo hayo. Eleza kila lugha kwa kazi unayoweza kuifanya nayo: "Kigiriama: nahojiana bila mkalimani, siandiki." "Kiarabu: nasoma hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu." Mstari huo wa mwisho, kwa wachache wanaoweza kuuandika kwa haki, una thamani kubwa katika pwani hii ambayo tenzi zake kongwe na barua zake nyingi ziliandikwa kwa hati hiyo.

Ukiomba kazi chuoni

Wasifukazi wa kitaaluma una kanuni nyingine na hauna kikomo cha kurasa mbili. Huanza na elimu, hufuatwa na utafiti, machapisho, makala yaliyowasilishwa kwenye makongamano, ufundishaji, ufadhili na uanachama wa vyama vya kitaaluma kama CHAKITA, chama cha Kiswahili cha taifa. Makala yaliyochapishwa yatenganishwe na yaliyokubaliwa, na yaliyokubaliwa na yale yaliyo mikononi mwa wahariri. "Inaandaliwa" ni neno la kutumiwa kwa kiasi. Mwenye makala tano zinazoandaliwa na hata moja iliyotoka huwafanya wanajopo watazamane. Katika ufundishaji taja kozi, idadi ya wanafunzi na ulichokifanya, kama ni kuhadhiri, kuongoza semina au kusahihisha kazi, kwa sababu idara inayotafuta mhadhiri wa muda hutaka kujua kwanza kama unaweza kulichukua darasa Jumatatu ijayo.

Hatua ya nne: barua

Wasifukazi hutoa ushahidi, na barua hutoa hoja. Kwa hiyo usiurudie wasifukazi kwa aya. Chagua mambo mawili, yasizidi matatu, yaliyomo katika tangazo, uonyeshe jinsi kazi yako ya nyuma inavyoyajibu. Ukurasa mmoja unatosha.

Umbo ni lile la barua rasmi tulilofunzwa shuleni: anwani yako upande wa kulia, pamoja na S.L.P. na msimbo wa posta kama 80100 kwa Mombasa, tarehe, anwani ya mwandikiwa upande wa kushoto, kisha "Kwa Bi." au "Kwa Bw." na jina lake likijulikana, na lisipojulikana, cheo chake. Mstari wa KUH: utaje nafasi na nambari ya kumbukumbu ya tangazo. Ukituma barua ndani ya baruapepe, anwani za posta unaweza kuziacha, ila mada ya baruapepe ibebe habari zile zile. Shikamoo, buheri wa afya na salamu nyingine zote tunazowapa watu kwa mapenzi zina mahali pake, na mahali pake si hapa.

Aya ya kwanza ndiyo inayoharibiwa zaidi. "Ninachukua fursa hii adhimu kuandika barua hii ili kuwasilisha ombi langu" ni sentensi nzima isiyosema lolote ambalo mstari wa KUH: haukulisema. Linganisha na hii:

"Naomba nafasi ya msaidizi wa mradi wa masimulizi iliyotangazwa tarehe 4 Machi. Kwa miezi sita nilirekodi masimulizi ya wakazi 32 wa Mji wa Kale kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na kazi mnayoieleza katika tangazo, ya kukusanya na kuorodhesha sauti za wazee kwa ridhaa yao, ndiyo niliyoizoea."

Aya ya pili ichukue jambo moja na kulizamia. Usiandike kwamba unajua kuhusiana na watu, simulia tukio: "Wazee watano wa kwanza niliowaendea walikataa kurekodiwa. Niliacha kinasa sauti nyumbani, nikaenda kwao mara mbili kwa mazungumzo tu, nikaandaa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi badala ya ile ya Kiingereza niliyopewa. Wanne kati yao walikubali." Msomaji hahitaji kuambiwa kwamba mwandishi wa sentensi hizo ni mvumilivu.

Aya ya tatu ionyeshe kwamba unamjua unayemwandikia. Soma tovuti yake, ripoti zake, na ukiweza upite pale mahali penyewe. Taja mradi mmoja wake wa kweli na useme ungeuongezea nini. Mtu anayeomba kazi ya uhifadhi wa misitu ya kaya za Mijikenda, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008, akizungumzia "utajiri wa tamaduni za Afrika" kwa jumla, atakuwa amepoteza aya nzima.

Nadharia zibaki chuoni. Sentensi kama "nilitumia mkabala wa udenguzi" inamfaa msimamizi wako. Kwa mwajiri iandike kama kitendo: ulisoma maandishi ukaonyesha yasichokisema. Wala usiombe radhi. "Ingawa nimesomea fasihi tu" ni maneno ambayo nilikutana nayo mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na kila mara nilijiuliza mwombaji anatarajia nimtetee dhidi ya nafsi yake.

Tangazo likiwa la Kiswahili, jibu kwa Kiswahili. Likiwa la Kiingereza, jibu kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imezifanya zote mbili kuwa lugha rasmi, lakini aliyetangaza kwa lugha fulani ameshaonyesha ni ipi atakayoisomea. Jambo la kuepuka ni barua iliyoandikwa kwa moja na kutafsiriwa na mashine kwa nyingine. Aliyesomea lugha ndiye wa mwisho kusamehewa kosa hilo.

Hatua ya tano: warejelewa, vyeti na kutuma

Warejelewa, yaani watu watakaomweleza mwajiri habari zako, huombwa watatu kwa kawaida. Msimamizi wa tasnifu awe mmojawapo, na mwingine awe mtu aliyekuona ukifanya kazi nje ya chuo. Waombe ruhusa kila mmoja kabla ya kuandika simu zake, kwa adabu, na zaidi kwa kuwa tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si haki kusambaza nambari ya mtu bila yeye kujua. Watumie tangazo na wasifukazi wako siku hiyo hiyo. Mhadhiri mwenye wanafunzi arobaini akipigiwa simu ghafla ataulizwa habari zako huku akijaribu kukumbuka sura yako.

Kazi za umma huambatana na vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na uadilifu: cheti cha tabia njema kutoka kwa DCI (idara ya upelelezi wa jinai), na vyeti vya KRA (mamlaka ya mapato), HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na ofisi za taarifa za mikopo. Marekebisho ya sheria ya ajira ya mwaka 2022 yanamtaka mwajiri asividai hadi pale anapokusudia kumpa mtu mkataba. Hata hivyo, jua mapema deni lako la HELB limefika wapi, kwani kulitatua huchukua muda. Na yeyote anayekudai pesa ili akuingize kwenye orodha ya mahojiano, hana kazi ya kutoa.

Faili iwe ya PDF, na jina lake liwe jina lako na nafasi unayoomba. Nimepokea faili iitwayo "sivii mpya ya mwisho 2", na sikuweza kuipata tena nilipoihitaji. Kabla ya kutuma, soma kila kitu kwa sauti, kisha mpe mwenzako ambaye hakusomea fani yako. Asipoelewa mstari, mwajiri naye hatauelewa. Hakikisha jina la shirika ndilo, kwa maana barua iliyonakiliwa kutoka ombi la jana na kusahauliwa jina la jana huishia palepale. Ukitumia saiba, toka katika baruapepe yako, ufute nakala za kitambulisho na vyeti ulivyoviacha kwenye kompyuta, kisha uvifute tena kwenye pipa la taka la kompyuta hiyo.

Mwisho, rudi kwenye daftari lako uandike tarehe, nafasi, mwajiri na toleo la wasifukazi ulilolituma, pamoja na nakala ya tangazo, kwa sababu matangazo huondolewa mtandaoni siku ya mwisho ikipita. Simu ya kukuita kwenye mahojiano inaweza kuja baada ya miezi miwili, ukiwa ndani ya feri ya Likoni na kelele zake, na swali la kwanza jopo litakalokuuliza litatoka kwenye karatasi ile uliyoituma.